Padre Mersenne na namba zake

Kila tukizungumzia miito, hakosi mtu wa kuuliza kama anayependa hesabu itabidi aziache akiingia utawani. Mimi namjibu kwa maisha ya Padre Marin Mersenne.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1588, karibu na kijiji cha Oizé, familia ya kawaida tu. Akasoma kwa Wajesuiti kule La Flèche, kisha Paris, na mwaka 1611 akajiunga na Waminimi, watawa wa Mtakatifu Fransisko wa Paola. Hawa jamani hawakuwa mchezo: nyama hawakula, mayai hawakula, maziwa hawakunywa, na siyo Kwaresima tu, ni mwaka mzima!

Chumba chake kule Paris kikawa kama posta ya wanasayansi. Majarida ya sayansi hayakuwepo bado, kwa hiyo Descartes, Fermat na wengine walipashana habari kupitia barua zake. Galileo alihukumiwa mwaka 1633. Mwaka uliofuata tu, Mersenne akachapisha kwa Kifaransa kazi ya Galileo kuhusu mashine. Hapo mimi namheshimu sana.

Sasa tuje kwenye namba. Namba tasa, mnakumbuka, hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Chukua mbili tatu uzizidishe: 2 × 2 × 2 ni 8. Toa 1, inabaki 7, tasa. Mbili tano zinakupa 31, nayo tasa. Ila mbili kumi na moja zinakupa 2,047, ambayo ni 23 × 89. Imekataa! Je, ni mbili ngapi zinakubali? Mwaka 1644 Mersenne alichapisha orodha yake mpaka 257, ingawa kuzihakiki zote kwa mkono kulikuwa nje ya uwezo wa mtu yeyote wa wakati ule.

Alikosea mara tano. 67 na 257 aliziweka, kumbe hazikubali. 61, 89 na 107 zinakubali, akaziacha. Ile ya 67, mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alionyesha kwamba ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Lakini ya 127, yenye tarakimu 39, ilisimama: Mfaransa Édouard Lucas aliithibitisha mwaka 1876. Na watu wamefanya kazi zaidi ya miaka 300 kwa sababu padre mmoja hakuificha orodha yake mpaka awe na uhakika. Zinaitwa namba tasa za Mersenne hadi leo. Iliyotangazwa Oktoba 2024 ilivunja rekodi: mbili 136,279,841, toa 1, tarakimu zaidi ya milioni 41.

Mwenyewe alifariki Paris tarehe 1 Septemba 1648. Alikuwa ameomba mwili wake upasuliwe, ili madaktari waone ni nini hasa kilichomuua.