Cajal: zahabu ilimuonyesha nyota ndani ya ubongo

Wasomaji wetu wa migodini wanajua zahabu kama mali ya kuuza. Leo tunaongea juu ya mutu aliyeitumia kuangalia ndani ya ubongo.

Santiago Ramón y Cajal alizaliwa mwaka wa 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, huko Uhispania. Baba yake alikuwa munganga, na alitaka mutoto afuate kazi ile ile. Mutoto yeye alipenda kuchora tu, tena alikuwa mutundu kabisa: ku miaka 11 alitengeneza muzinga, akabomoa mulango wa jirani, wakamutia gerezani. Baba akamutoa ku masomo, akamupeleka kwa kinyozi na kwa fundi wa viatu. Mwishowe alisoma unganga. Jeshi likamupeleka Kuba, akarudi na malaria.

Mwaka wa 1887 alionyeshwa vipande vya ubongo vilivyotiwa rangi kwa dawa ya feza, kazi ya Camillo Golgi wa Italia. Cajal akaishika ile dawa, akaitengeneza vizuri zaidi, akachora alichokiona: kila seli ya mishipa ya fahamu inasimama peke yake. Golgi alikataa. Alisema zote zimeungana kama wavu mumoja. Mwaka wa 1906 walipewa Nobel pamoja, na hata siku ile Golgi hakubadili neno lake.

Mwaka wa 1913 Cajal alipata dawa ya zahabu na zebaki. Kumbe ndani ya ubongo na uti wa mugongo kuko seli zingine, zenye mikono pande zote, sawa nyota! Wengine walikuwa wameziona mbele yake, lakini zahabu ilizionyesha wazi, na miguu yao ikishika mishipa midogo ya damu. Zamani wengi walizihesabu kama gundi tu. Leo inajulikana zinasaidia kulisha zile seli za fahamu na kusafisha kandokando yao.

Lakini kuko seli ambazo zahabu haikuonyesha vizuri. Kijana wa laboratwari yake, Pío del Río Hortega, alirudia feza, na kutoka 1919 akaonyesha kwamba ni aina mbili. Cajal alikubali moja, ile ya pili akaitilia mashaka. Yeye aliyekataliwa na Golgi! Ugomvi ukakua, mwaka wa 1920 Hortega akatoka katika laboratwari ile. Sisi tunaona muzee alikosea, maana aina zote mbili ziko kweli.

Cajal alikufa Madrid, tarehe 17 Oktoba 1934.