Mguso wa Pili wa John Newton

Amazing Grace tunaujua sote, hata matangani unaimbwa. Ukitaja mtunzi wake, John Newton, watu hujibu haraka: aliuza watumwa, akaokoka, akaacha. Ebu tusikimbie, maana mambo hayakwenda hivyo.

Alizaliwa London mwaka 1725. Mamake alimfundisha Neno, lakini alifariki kijana akiwa hajafikisha miaka saba. Babake, aliyekuwa nahodha, akampeleka baharini akiwa na miaka 11. Akakua mtu wa kumtukana Mungu. Alipolazimishwa kuingia jeshi la majini alitoroka, akashikwa, akachapwa viboko. Baadaye, pwani ya Sierra Leone, mfanyabiashara wa watumwa na mkewe walimtesa kwa njaa. Na unajua ni nani waliomletea chakula kwa siri? Watumwa wenyewe, wakiwa ndani ya minyororo.

Machi 1748 dhoruba ilipasua meli aliyokuwa akirudi nayo nyumbani. Akapiga pampu hadi nguvu zikaisha, akashika usukani, akamlilia Mungu. Aliikumbuka siku hiyo kila mwaka hadi uzee.

Halafu akarudi kwa biashara ile ile. Kati ya 1750 na 1754 alikuwa nahodha wa safari tatu za watumwa. Jumapili aliongoza ibada na mabaharia, na chini ya miguu yao watu wamefungwa pingu. Mimi nilisomea biashara, na kitabu chake cha safari kinanisumbua kuliko ile dhoruba. Waliouzwa kwake wameingizwa kwa namba, si kwa majina. Hesabu safi kabisa! Wale waliomlisha alikuwa amewaona kwa macho, lakini katika daftari walikuwa shehena.

Hapo ndipo namkumbuka yule kipofu wa Bethsaida katika Marko 8. Yesu alimgusa, akaanza kuona, lakini watu walionekana kama miti inayotembea. Ilibidi aguswe tena. Newton alimwamini Yesu amtoe majini. Kumwamini na mkate wake, hapo bado. Na sisi je, tumewahi kumfungulia Yesu daftari la duka?

Hata bahari hakuiacha kwa dhamiri. Ni ugonjwa wa ghafla uliomzuia mwaka 1754. Akafanya kazi ya forodha Liverpool, akasoma Kigiriki na Kiebrania, na mwaka 1764 akawa mchungaji huko Olney. Wimbo wetu aliuandika kwa ibada ya Januari 1, 1773. Wakati huo alikuwa bado hajasimama hadharani kuipinga biashara ile.

Mwaka 1785 mbunge kijana, William Wilberforce, alimwendea kutafuta ushauri. Alitaka kuacha siasa. Newton akamsihi abaki. Na mwaka 1788, miaka 34 baada ya kuacha bahari, mzee akachapisha kijitabu akieleza alichofanya, bila kujificha, akiungama kwamba alichelewa. Kisha akatoa ushahidi mbele ya wakubwa wa nchi.

Uzeeni macho yake ya mwili yalififia karibu kabisa, naye bado anapanda mimbarini. Machi 1807 Bunge la Uingereza likapiga marufuku biashara ya watumwa. Newton alikuwa hai kuisikia habari hiyo. Alifariki Desemba, mwaka huo huo.