Grogan: Mkonge, Samaki na Ardhi ya Taveta

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta, akishazipita Mwatate na Maktau, huiona Kilimanjaro ikimkabili na Ziwa Jipe likimetameta upande wa kusini. Katika mandhari hiyo, juu ya kilima cha Girigan, limesimama jumba la Ewart Grogan. Mwalimu awapelekaye wanafunzi wake kulitazama hana budi kujiuliza: awaambie nini juu ya mwenyewe?

Grogan alizaliwa Uingereza mwaka 1874. Kati ya 1898 na 1900 alisafiri kutoka kusini mwa Afrika hadi Kairo, sehemu kubwa kwa miguu, apate kumwoa Gertrude Watt, ambaye jamaa zake walitilia shaka uwezo wa kijana asiye na mali. Safari ilimpa mke na jina. Alipofika Kenya mwaka 1904 jina hilo lilimfungulia milango ya Serikali ya kikoloni, akapata maelfu ya ekari za msitu wa kupasulia mbao, viwanja Nairobi, na ardhi ya ufukweni Mbaraki, Mombasa, alikojenga gati. Nairobi vilevile alijenga hoteli ya Torr's.

Hakuisahau michezo. Mwaka 1905 aligharimia kuletwa kwa mayai ya samaki aina ya trauti kutoka Uskoti, na samaki hao wakatiwa katika mto Gura, huko Nyandarua. Lengo halikuwa kitoweo cha mwenyeji, bali burudani ya mlowezi mwenye ndoano. Mito iliyokuwa mali ya jamii ikageuka uwanja wa starehe ya wachache. Trauti wangalipo hadi leo, na uvuvi wao huwavutia watalii. Hiyo nayo ni kweli isiyofaa kufichwa.

Lakini mkono uleule ulioleta samaki ndio ulioshika kiboko. Mwaka 1907, akiwa kiongozi wa walowezi, Grogan aliwachapa hadharani Waafrika waliokuwa wakivuta rikisho, mbele ya mahakama ya Nairobi. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja tu.

Taveta aliijia baadaye. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeacha reli kutoka Voi, iliyojengwa kwa ajili ya majeshi ya Waingereza yaliyopigana na Wajerumani huko Salaita na Latema. Penye reli, zao zito la mkonge huweza kufika bandarini. Katika miaka ya 1930 Grogan alikuwa na mashamba makubwa Taveta, akachimba mifereji na kujenga jumba lake. Vita vya Pili vilipokata katani ya Asia ya Kusini-Mashariki, mkonge wa Afrika Mashariki ukawa dhahabu. Gertrude alifariki mwaka 1943. Mwaka 1947 mumewe alitoa kiwanja Muthaiga, ikaanzishwa hospitali ya watoto yenye jina la mkewe. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1967 nchini Afrika Kusini.

Majina hutunza yale ambayo vitabu husahau. Barabara ya Grogan jijini Nairobi iliitwa Kirinyaga baada ya uhuru, lakini mafundi wa magari wameling'ang'ania jina la kale, wakilitamka kwa lafudhi yao: Grogon. Huko Taveta urithi wake si jina tu. Mashamba yalibadili wenyewe, ila umbo lake la ekari nyingi mikononi mwa wachache halikubadilika, na wenyeji wengi wakaendelea kuitwa maskwota katika nchi ya babu zao.

Basi mwalimu asimfute Grogan, wala asimtukuze. Aitaje hospitali, akitaje na kiboko. Awaeleze wanafunzi jinsi mtaji ulivyopatikana kabla ya kuwaonyesha ulivyotumika. Kisha awapandishe kilimani, watazame chini, wahesabu wenyewe: ardhi yote ile inayoonekana ilikuwa ya nani kabla ya jumba kujengwa, na ni ya nani sasa?