Newton, kipeo cha nusu na swali la Geita

Mwaka jana nikiwa fildi, nilifundisha Hisabati Kidato cha Pili katika shule moja ya kata mkoani Geita. Mada ilikuwa vipeo na vipeuo. Nikaandika ubaoni kwamba 9 kwa kipeo cha nusu ni sawa na kipeuo cha pili cha 9, yaani 3. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye Jumamosi zake huishia machimboni, akauliza inawezekanaje kuzidisha namba mara nusu. Jamani, nilikwama. Nikamwambia ndiyo kanuni, akariri. Wiki iliyofuata dawati lake lilikuwa tupu. Wenzake walisema kuna rashi imetokea, kaenda duarani.

Sisemi aliondoka kwa sababu yangu. Ila swali lake nilirudi nalo nyumbani Shinyanga, na ndilo lililonifanya nisome maisha ya Isaac Newton.

Newton alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1642, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati ule, katika kijiji cha Woolsthorpe. Baba yake, mkulima, alishafariki miezi mitatu kabla. Mtoto alipofika miaka mitatu mama akaolewa kwingine, akamwacha kwa bibi. Baadaye mama akamtoa shule aje aangalie shamba na mifugo. Kwetu Usukumani jambo hilo halihitaji maelezo. Bahati nzuri Newton alikuwa mchungaji wa hovyo kabisa. Mjomba wake na mwalimu wake wakamsihi mama, akarudishwa darasani. Mwaka 1661 akaingia Chuo cha Trinity, Cambridge, akisoma huku akiwatumikia wenzake wenye nazo.

Mwanzoni mwa 1665, akiwa na miaka 22 kama mimi, alikuwa ameshasoma kitabu cha John Wallis na kuanza kufanya kazi na vipeo vya sehemu. Halafu tauni ikafunga chuo, akarudi kijijini, akaendelea nayo. Wazo halikuwa lake peke yake: Mfaransa Nicole Oresme aliligusa katika karne ya 14, na Wallis akaliandika mwaka 1656. Lakini Newton alilifanyia kazi hasa. Mwaka 1676, katika barua iliyopelekwa kwa Leibniz, alieleza kwamba kama watu huandika a kwa kipeo cha 2 badala ya a mara a, basi yeye huandika a kwa kipeo cha nusu badala ya alama ya kipeuo cha pili.

Kwa nini nusu? Tukizidisha namba ileile, vipeo hujumlishwa. Tukitaka kanuni hiyo isivunjike, nusu jumlisha nusu ni 1, kwa hiyo 9 kwa kipeo cha nusu, ikizidishwa kwa yenyewe, lazima itoe 9. Namba chanya inayofanya hivyo ni 3. Basi, hakuna cha kuzidisha mara nusu. Vivyo hivyo 8 kwa kipeo cha 2/3: namba ya chini inataja kipeuo, cha tatu, unapata 2, ya juu inataja kipeo, cha pili, unapata 4.

Dhahabu nayo Newton aliijua. Kuanzia 1696 alifanya kazi kwenye kiwanda cha sarafu cha serikali, London, na mwaka 1717 ripoti yake ilifanya sarafu ya dhahabu iitwayo guinea iwekwe kwenye shilingi 21. Mwaka 1720 akapoteza fedha nyingi kwenye hisa za South Sea, pamoja na hesabu zake zote. Alifariki mwaka 1727, akazikwa Westminster Abbey.

Yule kijana ningemjibu kwa dhahabu. Kilo moja ya dhahabu safi ina ujazo wa kama sentimita 52 za ujazo. Ukiisubu iwe mchemraba, kila upande ni 52 kwa kipeo cha theluthi, yaani kipeuo cha tatu: kama sentimita 3.7. Inakaa kiganjani.

Wenzangu tunaosomea ualimu, mwezi ujao tunarudi fildi. Nimeomba Geita tena. Safari hii nitaanza somo na swali lake, hata kama yeye mwenyewe hatakuwepo.