Tippu Tip: mfanyabiashara wa watumwa ambaye mfalme Leopold II alimfanya gavana wa Kisangani

Tarehe 24 Februari 1887, huko Zanzibar, mtu aliyetajirika kwa pembe za tembo na kwa watumwa wa Maniema alitia sahihi mkataba na serikali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kuanzia siku hiyo akawa gavana wa Stanley Falls, pahali ambapo leo ni mji wa Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 za Kiingereza kila mwezi.

Jambo hilo lilishangaza wengi huko Ulaya. Leopold alikuwa amejipatia Congo akiahidi mataifa makubwa kwamba atapiga vita biashara ya watumwa. Sasa alikuwa anamkabidhi bendera yake ya nyota mtu aliyejulikana kuliko wote katika biashara hiyo.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Alizaliwa Zanzibar karibu mwaka 1837, katika ukoo wa Waarabu wa Oman uliokwisha kuchanganya damu na Waafrika wa pwani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Tabora, na kijana alianza mapema kusafiri na misafara ya bara. Kuhusu jina la Tippu Tip kuna maelezo mawili: wengine wanasema lilitokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesa, wengine wanasema ni mlio wa bunduki zake.

Sifa yake ilianza mwaka 1867, alipomshinda chifu Nsama wa Itawa, kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru. Nsama aliogopwa na misafara yote. Vita hivyo vilimpatia Tippu Tip pembe nyingi sana, na mwaka uleule alikutana na David Livingstone, akamsaidia njiani. Livingstone aliichukia biashara ya watumwa kwa moyo wote, lakini bila misaada ya hao waliokuwa wakiifanya asingefika mbali.

Lakini namna alivyopata utawala kwa Watetela, magharibi ya mto Lualaba, ndiyo sehemu ya ajabu kuliko zote. Hapo hakutumia bunduki. Alitumia hadithi.

Akiwa njiani alisikia habari za chifu mmoja mzee, Kasongo Rushie. Zamani, wanawake wawili wa jamaa ya chifu huyo walikuwa wametekwa katika vita na kupelekwa Urua, na mzee hakuacha kuwangoja. Tippu Tip aliyashika majina yao vizuri. Kisha akatengeneza undugu: akasema babu yake mzaa mama aliwahi kupita Urua, akamchukua mmoja wa wanawake hao, na kwamba huyo ndiye bibi yake. Kwa hiyo yeye, mgeni wa Zanzibar, alikuwa mjukuu anayerudi nyumbani.

Mzee aliamini. Alimpokea kama mtoto wa ukoo na akamwachia kiti cha uchifu. Toka hapo watu walileta mashauri yao mbele ya Tippu Tip, na kila pembe ya tembo iliyopatikana katika nchi ile ilipaswa kufikishwa kwake. Jambo hili hatulijui kutoka kwa adui zake. Amelieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, bila haya, kama mtu anayesimulia biashara iliyomwendea vizuri. Msomaji anabaki akijiuliza kama mzee yule aliwahi kujua ukweli.

Baadaye alihamia upande wa Lualaba, ambako Waarabu na watu wa pwani walikuwa tayari wamejenga Nyangwe, na akafanya Kasongo kuwa makao yake makubwa. Mashamba ya mpunga yalienea. Misafara iliondoka na pembe kuelekea Ujiji, Tabora na pwani. Vijiji vilivyokataa kutii vilichomwa, watu wakatekwa.

Ni katika misafara hiyo pia ndimo Kiswahili kilimosafiri. Watu wa pwani, na wenyeji waliofuata mavazi, dini na desturi zao, waliitwa Wangwana, yaani watu huru, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Mtu wa Kindu, wa Kasongo au wa Kisangani anayesoma habari hii kwa Kiswahili anaisoma katika lugha iliyoingia kwake kwa njia hiyo.

Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alifika Maniema akitafuta mto Lualaba unaelekea wapi. Tippu Tip alikubali kumsindikiza kwa dola 5,000. Waliondoka Nyangwe mwezi Novemba, wakaingia msituni, na safari ikawa ya magonjwa na mapigano. Mwisho wa Desemba Tippu Tip aligeuka nyuma. Stanley akaendelea na mto mpaka akatokea Boma, karibu na bahari, mwezi Agosti 1877. Tippu Tip alilalamika kwa miaka mingi kwamba hakulipwa alichoahidiwa. Hasara kubwa zaidi hakuiona wakati ule: alikuwa amesaidia kufungua njia ambayo Bula Matari angeipitia kuja kuichukua nchi yake.

Miaka kumi baadaye Wazungu walikuwa wamekwisha kufika. Mwaka 1886 kituo chao cha Stanley Falls kilishambuliwa na Waarabu, baada ya mkuu wa kituo kukataa kumrudisha mwanamke mmoja aliyemtoroka bwana wake. Wazungu walichoma kituo na kukimbia. Leopold hakuwa na jeshi la kutosha kukirudisha. Ndipo ukaja ule mkataba wa Zanzibar: Tippu Tip ashike kituo kwa jina la mfalme na azuie utekaji wa watumwa chini ya maporomoko, naye aachwe afanye biashara yake nyingine.

Alisafiri pamoja na Stanley kwa meli kupitia kusini mwa Afrika, akashuka kwenye mdomo wa mto Congo, kisha akapanda mto mpaka Stanley Falls. Mtu ambaye siku zote aliingia Congo kutoka mashariki, sasa alikuwa anafika kutoka magharibi, akiwa mtumishi wa serikali.

Ugavana haukudumu. Alikuwa ameahidi wapagazi 600 kwa msafara wa Stanley wa kumwokoa Emin Pasha, lakini karibu 400 ndio walipatikana, na kwa kuchelewa sana, katikati ya mwaka 1888. Mwezi Julai, Barttelot, mkuu wa kikosi kilichoachwa nyuma, alipigwa risasi akafa. Stanley alimtupia Tippu Tip lawama na kumshtaki. Mwaka 1890 gavana aliondoka kwenda Zanzibar kujitetea. Kesi iliishia hewani. Yeye hakurudi tena Congo.

Aliowaacha walikutana na vita. Mwaka 1892 Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wake, aligeukia upande wa Wabelgiji. Mwaka uliofuata Nyangwe ilianguka mwezi Machi na Kasongo mwezi Aprili, na mtoto wake Sefu akauawa. Ngongo Lutete hakupata faida: mwaka huohuo maofisa wa serikali aliyoisaidia walimhukumu na kumpiga risasi.

Zanzibar, mzee Hamed aliishi kama tajiri mwenye mashamba. Huko aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza katika herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin miaka ya 1902 na 1903. Ni kati ya vitabu vya kwanza kabisa ambamo mtu alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Ndani yake pembe zimehesabiwa kwa frasila, msafara baada ya msafara. Watu waliozibeba, na waliotekwa pamoja nazo, mara nyingi hawana hata majina.

Alikufa kwa malaria mwezi Juni 1905. Nyumba yake ingali imesimama katika Mji Mkongwe, mtaa wa Shangani, na mlango wake wa mbao uliochongwa.