John Wanamaker, Mfanyi Biashara wa Philadelphia

Katika mji wa Philadelphia, nchi ya Marekani, alizaliwa mtoto mmoja tarehe 11 Julai, mwaka wa 1838, akaitwa John Wanamaker. Baba yake alikuwa mfyatuaji wa matofali, wala hakuwa mtu wa mali. John alipokuwa mdogo alimsaidia baba yake kazini, akiyageuza matofali mabichi juani ili yakauke sawasawa pande zote. Elimu ya shuleni aliipata kidogo tu, kwa maana alipokuwa angali mvulana aliajiriwa kuwa tarishi katika duka la vitabu.

Katika siku zile za utoto alitamani sana kupata Biblia yake mwenyewe. Akaiona moja yenye jalada jekundu la ngozi, bei yake dola 2 na senti 75. Fedha hiyo hakuwa nayo. Basi akapatana na mwenye kuiuza, akailipa kidogo kidogo kwa senti alizozipata kwa jasho lake, hata deni likaisha. Miaka mingi baadaye, alipokuwa tajiri wa kununua majumba makubwa, alikuwa akiwaambia watu kwamba hajanunua kitu chenye thamani kuliko Biblia ile.

Baada ya kujifunza kazi ya kuuza nguo, alifanywa katibu wa Chama cha Vijana wa Kikristo katika mji wake. Mwaka wa 1858, kabla hajatimiza miaka 20, alitaka kuanzisha shule ya Jumapili katika mtaa wa maskini uliokuwa na vijana wengi wakorofi. Mara ya kwanza wakorofi wale walimfukuza yeye na wenzake. Lakini hakukata tamaa. Siku chache baadaye akarudi, akakusanya watoto 27 katika nyumba ya fundi viatu. Watoto wakaongezeka hata nyumba haikuwatosha, na wakati wa joto wakafundishwa ndani ya hema lililoshonwa kwa matanga makuukuu ya meli. Shule hiyo iliitwa Bethany, ikakua hata ikawa na wanafunzi maelfu. Kanisa likajengwa hapo, na kazi hiyo yote John aliifanya bila mshahara.

Mwaka wa 1860 alimwoa Mary Brown. Mungu aliwajalia watoto sita, lakini wawili kati yao walifariki wangali wadogo, na huzuni hiyo wazazi waliichukua pamoja.

Tarehe 8 Aprili, 1861, John na Nathan Brown, ndugu wa mkewe, walifungua duka la nguo za wanaume. Wakati ule ulikuwa mbaya sana kwa biashara, kwani siku nne tu baadaye vilianza vita vikubwa vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Siku ya kwanza waliuza vitu vya dola 24 na senti 67. Mtu mwingine angaliiweka fedha hiyo akiba, lakini John alichukua dola 24 akazitumia zote kwa matangazo, akabakiza senti 67 za kuwarudishia wanunuzi chenji kesho yake. Alikuwa ameona kwamba duka lisilojulikana ni kama taa iliyofunikwa chungu.

Walakini alijua pia kwamba tangazo ni ahadi, na ahadi isiyotimizwa ni uwongo. Siku zile katika maduka mengi bidhaa hazikuandikwa bei. Mwuzaji alitaja bei kubwa, mnunuzi akataja ndogo, wakavutana hata wapatane. Na aliyepunjwa mara nyingi alikuwa mtoto, au mgeni, au mtu mpole. John aliandika bei juu ya kila kitu, bei moja kwa watu wote, tajiri na maskini. Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo, maana wako wengine waliomtangulia, lakini yeye aliishika desturi hiyo kwa nguvu na kuieneza. Tena mwaka wa 1865 alitangaza ya kuwa mtu asiyeridhika na kitu alichokinunua aweza kukirudisha, apewe fedha yake. Jambo hilo lilikuwa na hatari, kwa kuwa wadanganyifu wangaliweza kumfilisi. Lakini watu walipoona kwamba aliyoyaandika gazetini ndiyo waliyoyakuta dukani, walimwamini, wakarudi tena na tena.

Mwaka wa 1876 alifungua duka kubwa mno katika jengo lililokuwa stesheni ya mizigo ya reli. Lakini kabla ya kuweka bidhaa humo, alilitoa jengo hilo litumike kwa mikutano ya mhubiri Dwight Moody, na watu maelfu wakahudhuria.

Mwaka wa 1880 alimwajiri John Powers kuandika matangazo ya duka. Powers alikuwa na desturi ya kusema kweli tupu. Husimuliwa kwamba siku moja aliambiwa kuna makoti ya mvua yaliyoharibika ambayo hayapati mnunuzi. Akaandika gazetini waziwazi kwamba makoti hayo ni mabovu na kwamba yanauzwa rahisi kwa sababu hiyo. Kabla ya adhuhuri yote yalikuwa yamekwisha.

Tangu mwaka wa 1889 hata 1893 Wanamaker alikuwa mkuu wa Posta wa Marekani yote. Katika kazi hiyo alilaumiwa, na lawama ilikuwa na haki, kwa maana aliwaondoa wakuu wengi wa posta ili nafasi zao wapewe watu wa chama chake cha siasa. Lakini pia aliwatetea wakulima wa mashamba ya mbali, akitaka barua na vifurushi vyao vipelekwe hata nyumbani. Wengi walimpinga. Hata hivyo barua zilianza kupelekwa mwaka wa 1896, na vifurushi mwaka wa 1913, naye akaishi akayaona. Katika miaka hiyo minne makao ya kazi yake yalikuwa Washington, lakini kila mwisho wa juma alipanda gari la moshi akaenda Philadelphia, ili Jumapili awe pamoja na watoto wa Bethany.

Alifariki tarehe 12 Desemba, 1922, mwenye umri wa miaka 84, na ibada ya maziko yake ilifanyika katika kanisa la Bethany. Shule ile ya Jumapili alikuwa ameitumikia zaidi ya miaka 60.

Jina lake liliondolewa katika duka lile mwaka wa 1995, baada ya mali kupita katika mikono ya wengine. Lakini desturi aliyoishika imeenea duniani. Leo mtoto aliyetumwa dukani na mama yake akikuta bei imeandikwa juu ya kitu, hulipa sawasawa na mtu mzima, wala hapunjwi kwa udogo wake.