Wes Montgomery: Kidole gumba kilicholainisha jazi

Jazi laini ni muziki wenye bahati mbaya. Wasikilizaji huupenda, hasa saa za usiku, lakini wajuzi wengi wa muziki huubeza. Husema ni muziki wa kwenye lifti na kumbi za hoteli, muziki wa kulalia, usio na jasho ndani yake. Ajabu ni kwamba mpiga gitaa anayetajwa kuwa mmoja wa waliouwekea msingi alikuwa mtu wa jasho hasa: kibarua wa kiwandani, baba wa watoto saba, aliyejifunza gitaa usiku huku akijizuia asiwaamshe majirani. Jina lake ni Wes Montgomery.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Wengi wetu tumelizoea neno Jazz katika majina ya bendi za zamani kama Morogoro Jazz na Tabora Jazz, ambazo zilipiga muziki wa dansi. Hapa tunazungumzia jazi ya Wamarekani weusi, ambayo mpigaji huushika wimbo unaojulikana, kisha akatunga mambo yake papo hapo juu yake.

John Leslie Montgomery, aliyeitwa Wes, alizaliwa tarehe 6 Machi 1923 katika mji wa Indianapolis, jimbo la Indiana. Ilikuwa familia ya muziki. Kaka yake Monk alikuja kuwa mpiga besi, na mdogo wao Buddy akawa mpiga piano na vibrafoni. Wes alipokuwa bado kijana mdogo, Monk alimnunulia gitaa la nyuzi nne, lakini hakulichukulia kwa uzito mkubwa.

Mambo yalibadilika mwaka 1943. Wes alikuwa na miaka ishirini na ametoka tu kumuoa mkewe, Serene, aliposikia santuri ya Charlie Christian, kijana aliyelitoa gitaa la umeme nyuma ya bendi na kulisogeza mbele. Christian mwenyewe alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 25 tu. Wes alinunua gitaa la umeme na amplifaya, akaketi na santuri zile akirudia kila solo hadi akazijua zote kwa kichwa. Hakuwa na mwalimu, na kusoma nota hakujua. Masikio yake ndiyo yalikuwa shule. Haikupita muda akapata kazi katika klabu ya mjini, na kazi yenyewe ilikuwa kupiga solo za Charlie Christian. Zikiisha hizo, hana kingine cha kupiga.

Hapa ndipo kidole gumba kinapoingia. Wapiga gitaa wengi hukwanyua nyuzi kwa kipande kidogo cha plastiki, ambacho hutoa sauti kali na ya wazi. Wes alikijaribu, lakini muda wake wa mazoezi ulikuwa usiku, na kelele zilifika kwa majirani. Akaacha plastiki, akatumia nyama ya kidole gumba. Sauti ikapungua ukali, ikawa nene na ya upole, kama mtu anayezungumza kwa sauti ya chini chumbani. Alitafuta amani na majirani, akapata sauti ambayo hakuna mpiga gitaa mwingine aliyekuwa nayo.

Kitu chake cha pili kilikuwa oktavu. Aliyeimba kwaya ataelewa haraka: ni kupiga do ya chini na do ya juu kwa pamoja, kisha re mbili, kisha mi mbili, wimbo mzima. Wapo waliofanya hivyo kabla yake kwa sehemu fupi. Wes alizipiga kwa kasi na wepesi ambao wengine walikuwa nao kwenye sauti moja tu. Solo yake mara nyingi ilipanda kama ngazi: alianza na sauti moja moja, akaingia kwenye oktavu, kisha akamalizia kwa sauti nne au tano zinazolia pamoja. Msikilizaji huona moto unaongezwa ingawa mpigaji hajaongeza kelele.

Kati ya mwaka 1948 na 1950 alizunguka Marekani na bendi kubwa ya Lionel Hampton. Aliogopa kupanda ndege, akapendelea gari hata kwa safari za mbali sana. Lakini kilichomshinda zaidi ni kuwa mbali na nyumbani. Aliacha bendi, akarudi Indianapolis. Kwa karibu miaka kumi iliyofuata maisha yake yalikuwa hivi: saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri yuko kiwandani, saa tatu usiku yuko klabuni, na klabu ya kwanza ikifungwa anahamia ya pili hadi alfajiri. Usingizi aliupata vipande vipande. Ndugu zake walikuwa wamehamia California na kuanza kujulikana. Yeye alibaki kwa sababu ya watoto.

Mwaka 1959 mpiga saksafoni maarufu Cannonball Adderley alipita Indianapolis na kumsikia katika klabu ya usiku wa manane. Alitoka pale akiwa na jambo moja kichwani: kampuni yake ya kurekodi, Riverside, lazima imchukue mtu huyu. Mtayarishaji wa kampuni hiyo, Orrin Keepnews, alisafiri kwenda kumsikiliza, na Oktoba mwaka huohuo Wes akarekodi santuri yake ya kwanza kama kiongozi wa kundi. Alikuwa na miaka 36. Januari 1960 ikafuata The Incredible Jazz Guitar, yenye tungo zake mbili zinazopigwa hadi leo, Four on Six na West Coast Blues.

Sifa zikaja kwa mafuriko. Wachambuzi wa jarida la Down Beat walimchagua mpiga gitaa bora mara kadhaa. Mwaka 1961 alipiga kwa muda na kundi la John Coltrane, nafasi ambayo wanamuziki wengi wangeililia. Lakini sifa hazinunui mkate. Jazi ngumu ilikuwa na wasikilizaji wachache, na Riverside ilikuwa kampuni ndogo. Mmoja wa wamiliki wake, Bill Grauer, alifariki mwishoni mwa 1963, na mwaka uliofuata kampuni ikafilisika. Mpiga gitaa bora Marekani alikuwa na miaka 41, bado ana familia kubwa ya kulisha.

Wes akahamia kampuni ya Verve, chini ya mtayarishaji Creed Taylor. Hesabu ya Taylor ilikuwa rahisi: chukua nyimbo ambazo watu tayari wanaziimba, weka fidla na tarumbeta nyuma, muache Wes apige wimbo kwa oktavu zake, na usirefushe. Santuri ya Goin' Out of My Head, yenye wimbo uliokuwa umevuma na Little Anthony and the Imperials, iliuzwa vizuri sana na kumpa tuzo ya Grammy mwaka 1967. Mwaka huohuo alimfuata Taylor kwenye kampuni ya A&M na kutoa A Day in the Life, iliyopewa jina la wimbo wa Beatles. Ilikuwa miongoni mwa santuri za jazi zilizouzwa zaidi wakati huo, na redio ambazo hazikuwahi kupiga jazi zilimpiga Wes.

Hapo ndipo wachambuzi walipomgeuka. Walisema amejiuza, kwamba solo zake ndefu zimekatwa ili nafasi wapewe wapiga fidla. Tuseme kweli, hawakukosea kabisa. Anayesikiliza santuri zile za mwisho baada ya zile za Riverside ataona mtu mkubwa amewekwa kwenye chumba kidogo. Lakini walisahau mambo mawili. La kwanza, Wes jukwaani hakubadilika: Smokin' at the Half Note, ambayo sehemu yake ilirekodiwa katika klabu ya New York mwaka 1965, wakati wa Verve, inahesabiwa kati ya rekodi bora kabisa za gitaa la jazi. La pili, kwa mara ya kwanza maishani mwake gitaa pekee lilitosha kulisha nyumba. Mtu aliyekesha kwa miaka hadi alfajiri na kuingia kiwandani asubuhi hana deni kwa mchambuzi aliyelala.

Raha hiyo haikudumu. Tarehe 15 Juni 1968, wiki chache tu baada ya kurekodi santuri yake ya mwisho, Road Song, Wes Montgomery alipata mshtuko wa moyo nyumbani kwake Indianapolis na kufariki. Alikuwa na miaka 45. Tangu arekodi santuri ile ya kwanza ya Riverside ilikuwa haijatimia miaka tisa.

Njia aliyoifungua haikufungwa. George Benson aliifuata, na santuri yake Breezin' ya mwaka 1976 iliuzwa kwa mamilioni. Katika miaka ya 1980 vituo vya redio vya Marekani vilianza kuupigia muziki wa namna hiyo masaa yote, na ndivyo jina la jazi laini lilivyoenea.

Ukitaka kumpima Wes mwenyewe, tafuta rekodi mbili. Anza na A Day in the Life, uzoee utulivu wake. Kisha weka Four on Six kama ilivyorekodiwa Januari 1960. Utasikia kidole gumba kilekile katika zote mbili, na katika hiyo ya pili utasikia pia kiasi alichokuwa akikizuia.